Njia ya Taifa ya Kuchapa Nembo

Katika nchi hiyo hapakukosekana kitu chochote, isipokuwa vitu. Hotuba zilikuwepo, miongozo ilikuwepo, na nembo ilikuwepo kila mahali, kwa sababu Mkuu wa nchi alikuwa mtu mwepesi wa kuumia moyo. Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri, na mkulima mmoja akasikika redioni akimshukuru Mungu. Mkuu alikuwa akisikiliza. Alijifungia siku tatu bila kula, na siku ya nne ikatoka Amri ya Alama: kuanzia leo, kitu chochote cha Serikali hakitamfikia mwananchi mpaka kiwe na nembo ya Taifa, ili mpokeaji asije akakosea wa kumshukuru.

Nembo yenyewe ilikuwa na rangi saba. Mto wa bluu, mgomba wa kijani, jembe jeusi, jua la njano, na katikati ya jua uso wa Mkuu wa rangi ya kahawia, wenye midomo myekundu na jino moja la dhahabu. Jino liliongezwa baadaye, Mkuu alipokwisha kulitia.

Amri ilitekelezwa kwa moyo mmoja. Chaki za shule zilichapwa nembo mojamoja, kisha walimu wakakatazwa kuziandikia, kwa kuwa kuandika kulimla Mkuu kuanzia utosini. Gari la zimamoto lilifika sokoni kwa wakati, moto ukiwa bado mdogo, likasimama likisubiri, maana maji yake hayakuwa na alama. Soko liliungua kwa utulivu mkubwa. Kesho yake wafanyabiashara waligawiwa miavuli.

Miavuli hiyo ilichapwa na Siwatu Mkongea. Tusimsafishe: wakati huo hakuwa na neno la kulalamika. Alikuwa na stashahada ya uchapaji, karakana yenye paa la bati nyuma ya stendi ya zamani, na mdomo usiojua kuzunguka. Ukimletea kazi alikuwa anakuuliza jambo moja tu: ni kitu gani? Akijua kitu, njia anaijua. Fulana ya pamba inataka skrini, yaani fremu yenye kitambaa chembamba ambacho wino unasukumwa kupita kwa raba. Kofia inataka uzi na sindano. Kikombe kinataka joto. Picha inachapwa kwenye karatasi, karatasi inavikwa kikombe, kikombe kinabanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi mia na themanini kwa dakika nzima, na rangi inaingia ndani ya ngozi ya kikombe isitoke tena. Kalamu, kwa kuwa ni ya mviringo na nyembamba, inataka mashine ya mpira: bamba la chuma lenye mchoro, wino, na kipande cha mpira laini kama kitako cha mtoto mchanga, kinachobusu bamba halafu kinabusu kalamu.

Wateja waliokuja wakitaka skrini kwenye kikombe au joto kwenye kalamu aliwarudisha nyumbani. Alisema yeye ni mchapaji, hauzi ndoto. Alikuwa amezaa binti mmoja na mwanaume aliyekwenda kusomea nje na kusahau njia ya kurudi, na binti huyo aliitwa Raziki, alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akipanga kofia kumi kumi akitoka shule.

Kisha Raziki akaanza kuchoka. Alichoka akipanga kofia, akachoka akila, na siku moja alichoka akiwa amelala.

*

Wadi namba sita ilikuwa na watoto ishirini na wanne, wote wa ugonjwa mmoja wa damu. Mashuka yao yalikuwa na nembo, na mito yao, na ndoo. Daktari alimweleza Siwatu kwamba dawa ya ugonjwa huo ipo duniani, chupa ndogo ya kioo, mtoto mmoja chupa moja, anachomwa mara moja na kwisha. Alipoulizwa mtoto anaweza kusubiri muda gani alisema wiki mbili, halafu akageuka kuangalia dirishani kama mtu anayesubiri wageni.

Siku hiyohiyo Sista Benadeta, muuguzi wa wadi, mwanamke mpana aliyekuwa akitembea na daftari kubwa kwapani, alimvuta Siwatu pembeni. Akamwambia dawa imefika nchini tangu Jumanne. Chupa mia sita, zawadi ya watu wa mbali, zimewekwa chumba cha baridi cha Bohari Kuu. Ni lazima zikae kwenye baridi, kwa sababu zikipata joto zinaganda zikawa nyeupe kama ute wa yai, na hapo hazimfai mtu.

"Sasa zinasubiri nini?" Siwatu aliuliza.

"Hazina nembo, mama Raziki. Na mimi siruhusiwi kuchoma kitu kisicho na nembo. Kila ninachochoma nakiandika humu, na nembo yake naiwekea tiki."

Siwatu alicheka. Wamama wengine waligeuka kumtazama, kwa sababu katika wadi hiyo kicheko kilikuwa hakijasikika muda mrefu. Alicheka kwa sababu alijiona mwenye bahati kuliko wote. Mama wa kitanda cha pili alikuwa muuza mihogo, wa kitanda cha tano alikuwa fundi cherehani, na wa kitanda cha kumi na moja, Mwanakheri, mama wa Saumu, alikuwa mpishi wa shule. Kati ya wamama wote wa nchi, dawa ya mtoto wake ilikuwa inamsubiri mchapaji, na mchapaji alikuwa yeye. Aliwaambia wenzake wakae na watoto, yeye anakwenda kuileta.

*

Wizara ya Nembo na Mwonekano ilikuwa na ghorofa kumi na moja. Siwatu alipokelewa na Bwana Hamdu Pazi, Mkurugenzi wa Njia za Uchapaji, mtu msafi, mwembamba, ambaye hakuwahi kuchapa chochote na kwa hiyo alikuwa hana upendeleo.

Bwana Pazi alifurahi sana. Alisema Serikali inatafuta mchapaji wa chupa hizo tangu zilipofika, na akampa kazi palepale, kwa barua yenye mihuri minne. Tatizo lilikuwa kwenye aya ya tatu. Mheshimiwa Waziri alikuwa ametoka ziara ya mafunzo ya siku ishirini na moja ng'ambo, ambako alioneshwa kikombe cheupe kikiingia kwenye mashine na kutoka na rangi zote. Waziri alilia. Aliporudi alitoa waraka kwamba joto ndiyo Njia ya Taifa, na kwamba njia nyingine zote ni mabaki ya zama zilizopita.

Siwatu alimweleza, polepole, jinsi anavyomweleza mteja mgumu. Joto ni la vikombe vyenye ngozi maalumu. Kioo kitupu hakishiki rangi hiyo. Na hata kingeshika, ndani ya chupa kuna dawa, na dawa hiyo ikifika nyuzi mia na themanini inapikwa.

"Bi Siwatu," alisema Bwana Pazi, "unataka kuniambia joto la Serikali linaharibu dawa ya Serikali?"

"Joto ni joto, Mkurugenzi. Hata yai la Serikali ukilichemsha linaganda."

Bwana Pazi aliandika neno yai. Akauliza kama yai hilo lilikuwa na nembo.

Siwatu alipendekeza stika. Akaambiwa stika zilipigwa marufuku tangu raia mmoja alipobandua moja kwenye mfuko wa mbolea na kuibandika kwenye punda. Alipendekeza wachape katoni, chupa zibaki kama zilivyo. Akaambiwa mwananchi hapewi katoni. Mwishowe alipendekeza mashine ya mpira, isiyotumia joto hata kidogo, rangi moja baada ya nyingine mpaka zitimie saba. Bwana Pazi alifunga jalada lake na kusema kwamba hilo ni wazo, na mawazo yana kamati.

*

Kamati ya Majaribio ya Njia ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na ilikaa siku sita. Siwatu aliitwa kama shahidi. Kila asubuhi alipita wadini kwanza, akamwosha Raziki, akamsikiliza anavyopumua, kisha akaenda kukaa kwenye kiti chenye nembo kuangalia watu wazima wakijaribu kudarizi chupa.

Ndiyo, walianza na kudarizi, kwa kuwa orodha ilipangwa kwa alfabeti. Sindano tatu zilivunjika. Muhtasari ulirekodi kwamba sindano hazikuonesha ushirikiano. Siku ya pili na ya tatu walijaribu leza, mwanga mkali unaochonga mchoro, chupa ikapasuka, dawa ikamwagika mezani, na Siwatu aliona mtoto mmoja mzima akifutwa kwa kitambaa. Alisema hivyo, kwa sauti. Mwenyekiti akamwomba atumie lugha ya kitaalamu. Siku ya nne ilikuwa ya skrini, nayo ni ya vitu bapa. Kwenye chupa ya mviringo uso wa Mkuu ulitoka mpana kama mkate wa bofulo. Wajumbe waliutazama muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba haufanani, wala aliyethubutu kusema kwamba unafanana, kwa hiyo wakaenda kula.

Wadini vitanda viwili vilikuwa vimetandikwa upya.

Siku ya sita Siwatu alileta mashine yake ya mpira. Alichapa chupa moja mbele yao, rangi saba, kila rangi mahali pake, jino la dhahabu likiwa dogo kama punje ya mtama na limekaa mdomoni barabara. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alisema Mkuu anaonekana kama anataka kusema kitu. Wakakubaliana, wakaanza kutia saini, na hapo mlango ukafunguliwa akaingia Waziri.

Mheshimiwa Waziri Ngwarusha aliichukua chupa. Siwatu alimwambia asiiguse, wino wa mpira unataka saa nzima kukauka. Waziri alikuwa hajawahi kuambiwa asiguse. Aliukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo tu, jinsi mtu anavyojaribu rangi ya ukuta.

Wajumbe waliweka kalamu chini.

"Kidevu cha Mkuu," alisema Waziri taratibu, "kimo kwenye ukucha wangu."

Mwanasheria wa Wizara aliitwa. Alishauri kwamba kunawa itakuwa kumfuta Mkuu, kukata ukucha itakuwa kumkata Mkuu, na kuficha mkono itakuwa kumficha. Waziri alitolewa nje mkono ukiwa juu kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, wajumbe wakimfuata kwa heshima. Kabla mlango haujafungwa, Bwana Pazi aligeuka akamwambia Siwatu kwamba Njia ya Taifa imethibitika. Chupa zitaletwa karakanani kwake kesho, chini ya ulinzi, zipashwe joto zote. Akikataa, wapo wachapaji wengine wenye mashine na wasio na maneno mengi.

*

Siwatu hakukataa. Kukataa kungekuwa kumpa mtu mwingine ampikie mtoto wake dawa.

Chupa zilikuja kwenye madeli ya barafu, zikisindikizwa na Koplo Makwaya, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye masharubu meupe na karatasi ya maelekezo mfukoni. Siwatu aliomba kuisoma. Iliandikwa kwamba Koplo ahakikishe mashine ya joto inasoma nyuzi mia na themanini, dakika moja, mara mia sita, na aandike kila mara aonapo. Siwatu aliisoma mara mbili. Hapakuandikwa popote kwamba ndani ya mashine kuwe na chupa.

Alimwekea Koplo kiti mbele ya mashine ya joto, akatia ndani kikombe kimoja kilichovunjika mkono, na akaiwasha. Kila dakika mashine ililia, Koplo akaandika. Kikombe hicho kilipikwa siku tatu mfululizo. Nyuma ya pazia, kwenye upande wa pili wa karakana, mashine ya mpira ilikuwa inafanya kazi kwenye baridi.

Rangi saba mara chupa mia sita mtu mmoja hamalizi kwa siku tatu. Siwatu alikwenda wadini, akasema anahitaji mikono. Wamama waligawana: wengine wakabaki na watoto, wengine wakaja. Kulikuwa na shida moja. Chupa ikitoka kwenye barafu inatoka jasho, na wino haushiki kwenye maji. Ilibidi mmoja aitoe, wa pili aifute kwa kanga kavu na tone la spiriti, wa tatu avute mkono wa mashine kabla jasho halijarudi, na wa nne airudishe kwenye deli. Ukichelewa pumzi tatu, Mkuu anateleza.

Siku ya kwanza aliteleza sana. Mwanakheri, mama wa Saumu, ndiye aliyekuwa kwenye mashine, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa kuwa alikuwa hajafumba macho tangu Jumapili. Ilitoka chupa yenye Mkuu mwenye midomo miwili. Ikatoka nyingine ambayo jino la dhahabu lilikuwa kwenye paji la uso. Ikatoka ambayo jicho moja lilikuwa mtoni.

"Huyu anaona mbele na nyuma," alisema mama muuza mihogo.

"Huyu wa midomo miwili akihutubia tutakoma," alisema fundi cherehani.

Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamtupia jicho Koplo nyuma ya pazia, wakacheka tena kwa kanga mdomoni. Siwatu hakucheka. Katika kazi yake kila mzigo una vyake vya kuharibika, na mchapaji mzuri anajulikana kwa uchache wake. Chupa mbovu haziruhusiwi kutoka. Sheria ilisema uso wa Mkuu ukikosewa, kitu hicho kifukiwe ardhini mbele ya askari. Kila chupa iliyoharibika, kwa hesabu ya Siwatu, ilikuwa mtoto mmoja wa mahali fulani. Alizitenga kwenye deli la peke yake, akatia barafu kwa mazoea tu, na zilipofika kumi na nne za mkono wa Mwanakheri alimshika bega.

"Dada, mikono yako haifai. Toka hapo, kapike chai."

Mwanakheri alitoka. Alipika chai mpaka siku ya tatu, ilikuwa chai nzuri, na mashine ikashikwa na fundi cherehani, ambaye aliharibu tano tu mpaka mwisho. Siwatu alimsifu mbele ya wote.

Jioni ya siku ya tatu chupa mia tano themanini zilikuwa zimekamilika, zimekauka, na hata msumari haukuzikwaruza. Koplo Makwaya alikuwa ameandika mara mia sita. Siwatu alimwona akikiangalia kile kikombe cha kuvunjika mkono, ambacho kilikuwa kimekuwa cheusi, kisha akakunja karatasi yake na kusema yeye huripoti anachoonyeshwa.

Siwatu alikwenda wadini akamwambia Raziki: kesho.

*

Kesho yake kulikuwa na uzinduzi.

Hakuna aliyemwambia. Katika nchi hiyo kitu kikishapata nembo lazima kizinduliwe, na kadiri nembo inavyopendeza ndivyo uwanja unavyokuwa mkubwa. Ya chupa ilipendeza mno. Waziri, ambaye ukucha wake ulikuwa hatimaye umekatwa kwa wimbo wa Taifa na kuwekwa kwenye kisanduku, aliagiza chupa zote zipelekwe uwanja mkuu wa michezo. Saa tatu asubuhi Siwatu na wamama wanne waliitwa kupokea pongezi, na walipoingia waliona chupa zimepangwa katikati ya uwanja, juu ya kitambaa cheusi, kwa umbo la uso wa Mkuu. Hapakuwa na barafu. Hapakuwa hata na turubai. Jua lilikuwa linapanda.

Siwatu alimkimbilia Bwana Pazi akamuuliza chumba cha baridi kimekuwaje. Bwana Pazi alimweleza kwa furaha kwamba hakihitajiki tena. Ripoti ya Koplo ilionyesha kwamba kila chupa imekaa kwenye nyuzi mia na themanini kwa dakika nzima na dawa imebaki safi kama maji. Waziri alikuwa ametoa Cheti cha Ustahimilivu. Chupa iliyoshinda mashine itaogopa jua? Chumba cha baridi kilikuwa kimepewa ukucha.

Wakati huo Waziri alikuwa ameshaanza kuhutubia. Alisema wapo waliodai kwamba dawa lazima ikae kwenye baridi. Hao, alisema, ni watu waliozoea dawa za nchi za baridi. Dawa yenye nembo yetu ni ya jua, kama sisi, na leo italiangalia jua uso kwa uso. Watu walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamepewa kofia.

Siwatu alisimama kwenye jua hilo akaelewa alichofanya. Uongo aliousema kuiokoa dawa ndio uliokuwa unaipika. Alimsogelea Bwana Pazi karibu kabisa, akamwambia ukweli wote: kikombe, pazia, mpira, barafu. Akasema chupa zile bado nzima, ziondolewe sasa hivi, yeye wamfunge wanavyotaka.

Bwana Pazi alimsikiliza mpaka mwisho huku akitabasamu kuelekea jukwaani.

"Nikiyasikia hayo," alisema, "chupa hizi hazikupita Njia ya Taifa, kwa hiyo hazina nembo, kwa hiyo zinarudi kupashwa joto kesho. Nisipoyasikia, zinakaa hapo mpaka saa tisa. Unataka niwe nimesikia?"

"Nataka njia ambayo dawa inapona."

Bwana Pazi alifungua jalada, akageuza kurasa mbili tatu, kama mtu anayetafuta kweli. "Hiyo haimo," alisema.

Kisha, bila kumtazama, akatoa karatasi nyingine. Alisema kwenye taarifa ya kazi kuna chupa kumi na tisa mbovu, na haoni hati ya kuzifukia. Zipo wapi?

Siwatu alisema zipo karakanani.

"Kwenye barafu?"

"Kwenye barafu."

"Ni uzembe huo. Nenda kazifukie. Mchukue Koplo." Bado alikuwa anaangalia jukwaani, na mpaka leo Siwatu hajui kama mtu yule alimsaidia au alikuwa anafuata orodha yake tu.

*

Koplo Makwaya alichimba mashimo kumi na tisa nyuma ya karakana, madogo, yaliyopangwa mstari. Aliyachimba mwenyewe, akakataa jembe la pili. Siwatu alipotoka ndani na deli kichwani alimkuta anafukia kalamu za promosheni, moja kila shimo, na kuandika kwenye karatasi yake.

"Nimeona vitu kumi na tisa vikifukiwa," alisema. "Pita, mama. Barafu inayeyuka."

Sista Benadeta alizipokea chupa kwenye mlango wa wadi namba sita. Alifungua daftari, akainua ya kwanza kwenye mwanga. Dawa ilikuwa safi kama maji. Mkuu wake alikuwa na midomo miwili.

"Ina nembo?" Sista aliuliza, kwa kuwa alitakiwa kuuliza.

"Inayo."

"Nembo ni nembo," alisema, akaweka tiki.

Njiani kote Siwatu alikuwa akipiga hesabu moja na kuikimbia. Chupa kumi na tisa, watoto ishirini na wanne. Alikuwa amejiandaa kwa jambo ambalo mama hajiandai nalo. Sasa alimshika Sista mkono akamuuliza, zinapungua tano, atafanyaje?

"Zinatosha," alisema Sista.

"Watoto ni ishirini na wanne."

"Walikuwa."

Siwatu alitazama vitanda. Viwili alivijua. Vingine viwili vilikuwa vimetandikwa siku za mashine, na mama zao waliondoka kimyakimya, wakitaka waliokuwa karakanani wasikatizwe kazi. Cha tano kilikuwa namba kumi na moja. Shuka lilikuwa jipya, limenyooshwa, na nembo ilikuwa katikati kabisa, pale mtoto alipokuwa akilaza tumbo lake. Saumu alikuwa ameondoka asubuhi hiyo, saa tatu, wakati wa wimbo wa Taifa kule uwanjani.

Raziki alichomwa wa saba. Jioni aliomba uji. Siku ya pili aliuliza kofia zimepangwa na nani.

*

Taarifa ya Serikali ilisema uzinduzi ulifana kwa asilimia mia moja na kumi. Chupa mia tano themanini zilisambazwa mikoani zikiwa na dawa nyeupe pee, na wananchi walielezwa kwamba weupe huo ni wa amani. Kuhusu vilivyofuata huko mikoani hakuna taarifa, kwa kuwa fomu za taarifa zilikuwa bado hazijachapwa nembo. Waziri alipandishwa cheo. Ukucha upo, na wanafunzi wa shule hupelekwa kuuona.

Kwa kuwa Serikali hiyo haisahau watu wake, kila mama aliyepoteza mtoto wadi namba sita aliletewa kikombe. Kizuri, cha Njia ya Taifa, rangi zote saba.

Siwatu alikwenda kwa Mwanakheri wiki iliyofuata. Njiani alikuwa amepanga maneno. Alitaka kumwambia kwamba zile chupa kumi na nne zilikuwa zake. Kwamba ile mikono iliyotetemeka ndiyo iliyowaacha hai watoto kumi na wanne. Kwamba angemwacha kwenye mashine mpaka mwisho, badala ya kumtuma chai, chupa nyingi zaidi zingebaki kwenye barafu, na dawa ingefika mpaka mikoani. Alikuwa mtu wa kusema mambo yalivyo, na hayo ndiyo yaliyokuwa.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, sufuria za shule zimezunguka, anasugua kikombe kwa waya wa kusugulia na majivu. Alikuwa amekisugua muda mrefu; vidole vilikuwa vimechubuka. Mkuu alikuwa anang'aa kuliko alivyotoka kiwandani.

"Mama Raziki, wewe ndiye fundi," alisema Mwanakheri bila kuinua kichwa. "Hii inatolewaje?"

Siwatu alikichukua, akapitisha kidole gumba juu ya uso ule. Aliijua kazi hiyo. Ilikuwa yake, mojawapo ya mizigo ya zamani.

"Haitoki, dada," alisema. "Ya joto inaingia ndani."

Mwanakheri alinyoosha mkono, akarudishiwa kikombe chake, akaendelea kusugua. Siwatu alisimama kidogo na yale maneno yake. Halafu akavua viatu, akavuta kigoda cha pili, akachota majivu.